Simu inayotafuta taarifa zako za benki: dalili, sababu na la kufanya

Simu ya utapeli huhukumiwa kwa kile kinachoombwa, si kwa jina la anayepiga. Jina, namba inayoonekana kwenye skrini, lugha ya kiofisi, kelele za ofisi nyuma ya sauti: vyote hivyo hutengenezwa kwa urahisi. Ombi lenyewe ndilo lisilobadilika, kwa sababu pesa haitoki mpaka tapeli apate kitu mahususi kutoka kwako.

Tafuta dalili inayofanana na hali yako. Sababu zimepangwa kuanzia inayotokea mara nyingi zaidi, na ukaguzi mwepesi umetangulia. Kama umeshatoa namba yoyote, ruka moja kwa moja hadi sehemu ya mwisho, usome zilizobaki baadaye.

Kwanza, kila taarifa inafungua nini

Watu wengi hulinda PIN kwa nguvu zote kisha wakataja vingine bila wasiwasi, wakidhani havina madhara.

Namba ya akaunti na jina hutumika zaidi kukuwekea pesa, ndiyo maana unaweza kumpa mteja au mwajiri. Lakini pale ambapo benki zinaruhusu makato ya moja kwa moja, namba hiyo hiyo inaweza kutumika kukukata. Hundi nazo zina namba ya akaunti na ya benki chini yake, na kwa Marekani wauzaji wanaouza kwa kupigia watu simu walizoea kuzitumia kuchapisha hundi zisizo na sahihi, wakidai mwenye akaunti ameridhia kwa mdomo. Mwaka 2015 tume ya biashara ya nchi hiyo, FTC, iliwapiga marufuku wauzaji hao kutumia malipo ya aina hiyo. Kwa hiyo mtu usiyemjua akikuambia "chukua hundi yako unisomee namba za chini", hilo si swali la kawaida.

Namba ya kadi, tarehe ya kuisha na zile tarakimu tatu za nyuma (kadi za American Express zina nne, mbele) mara nyingi zinatosha kununua vitu mtandaoni. PIN hutoa pesa kwenye mashine. Namba ya uthibitisho, ile OTP inayokuja kwa ujumbe mfupi, huidhinisha kitu ambacho tayari kimeandaliwa upande wa pili na kinasubiri wewe tu. Tarehe ya kuzaliwa, namba ya kitambulisho na jina la ukoo la mama havitoi pesa vyenyewe. Kazi yake ni kumwezesha tapeli kujifanya wewe mbele ya benki au kampuni ya simu.

Dalili: namba iliyopiga ni ya benki kweli, lakini mazungumzo yanakutia shaka

Sababu inayoongoza ni namba ya kufoji. Anayepiga kupitia mifumo ya simu za intaneti anaweza kujaza mwenyewe namba itakayoonekana kwako. Simu yako hailinganishi kingine zaidi ya tarakimu: ikiona zinafanana na namba uliyohifadhi kama "Benki", inaandika "Benki". Ujumbe mfupi uko hivyo hivyo. Jina la mtumaji likifojiwa, ujumbe wa tapeli unaingia kwenye mfululizo uleule wenye jumbe halali za benki za miezi iliyopita, na hapo hata mtu makini huteleza.

Sababu ya pili ni namba inayofanana, iliyopishana tarakimu moja. Ya tatu, na hii hutokea pia, ni benki yenyewe. Vitengo vya kuzuia wizi hupiga kuuliza kama ni wewe uliyefanya muamala fulani. Jibu wanalohitaji ni ndiyo au hapana, basi. Hawahitaji PIN, OTP wala tarakimu tatu za nyuma ya kadi.

Ukaguzi:

1. Kata simu. Huna haja ya kuaga wala kujieleza. Mfanyakazi halali wa benki hakasiriki ukisema utapiga mwenyewe.
2. Chukua kadi yako, tazama nyuma, bonyeza namba ya huduma kwa wateja tarakimu kwa tarakimu. Usibonyeze "piga tena" kwenye orodha ya simu zilizoingia, na usitumie namba iliyotajwa ndani ya ujumbe.
3. Usitafute namba ya benki kwenye injini ya utafutaji kisha ukapiga ya kwanza inayotokea. Matapeli huweka namba bandia za huduma kwa wateja huko makusudi, wakisubiri watu wenye haraka.
4. Kama ulipokea kwenye simu ya mezani, tumia simu nyingine. Kwenye baadhi ya mitambo laini hubaki wazi mpaka aliyepiga akate yeye. Unadhani umepiga benki, kumbe anayekujibu ni yule yule.

Katika baadhi ya nchi utaona alama ya tiki pembeni ya namba. Marekani, kwa mfano, tangu Juni 2021 kampuni kubwa za simu zinalazimika kuweka sahihi ya kidijitali kwenye simu zinazopita mitandao yao ya intaneti. Tiki hiyo inasema namba haijafojiwa. Haisemi kwamba mwenye namba ni mwaminifu.

Dalili: anajua jina lako, anuani yako, hata namba za kadi

Hapa ndipo watu wengi huanguka, kwa hiyo tuitazame kwa karibu.

Kadi nyingi zina tarakimu 16. Za mwanzo, sita au nane, ni za benki iliyotoa kadi: wateja wote wenye aina hiyo ya kadi wanazo zilezile, na zinajulikana hadharani. Nne za mwisho huchapwa kwenye risiti. Tapeli akizijua hizo kumi au kumi na mbili, amebakiza sita au nne tu za katikati. Ndipo anaposema kwa upole: "Kadi yako inaanzia hapa na kuishia hapa, naomba unithibitishie za katikati kwa usalama wako." Anayeitikia anadhani amethibitisha. Ukweli ni kwamba amempa namba nzima.

Sababu za yeye kujua mambo yako, kwa mpangilio:

- Taarifa zilizovuja kutoka duka la mtandaoni, hoteli au huduma uliyojiandikisha, kisha zikauzwa kwa wingi.
- Simu ya awali. Wiki chache zilizopita mtu alipiga kwa "utafiti mfupi" au "zawadi" akakuuliza unatumia benki gani na umri wako. Yule alikuwa anakusanya, huyu anavuna.
- Vitu ulivyoweka mwenyewe kwenye mitandao ya kijamii.
- Mtu wa ndani aliyeuza orodha ya wateja. Hutokea, ila mara chache kuliko watu wanavyodhani.

Usijaribu kumpima kwa maswali, mfano kumuuliza salio lako au muamala wako wa mwisho. Akijibu sawa hujathibitisha chochote zaidi ya ukubwa wa alichoiba, na akijibu vibaya atakuwa na maelezo tayari. Kila dakika unayobaki kwenye laini inamfaa yeye. Kata, piga benki, waambie ni taarifa zipi alizonazo ili wajue cha kuangalia kwenye akaunti yako.

Dalili: OTP zinaingia mfululizo huku bado mnaongea

Sababu ya kwanza na ya kawaida ni kwamba sasa hivi, sekunde hii, mtu anajaribu kuingia kwenye akaunti yako au kulipa kwa kadi yako, na benki inakuuliza wewe. Ya pili: anaisajili kadi yako kwenye simu yake ili alipe kwa kugusisha. Ya tatu: analenga WhatsApp au barua pepe yako, ili baadaye aitumie kubadilisha nywila za benki. Ya mwisho kabisa ni mtu aliyekosea namba yake akaandika yako.

Soma ujumbe wote, usisome tarakimu tu. Jumbe nyingi za benki hueleza OTP ni ya nini, na mara nyingi kiasi na jina la anayelipwa vimo humo. Tapeli atakuharakisha ili usifike huko. Atasema: "Hiyo ni namba ya kufutia muamala, nisomee kabla dakika hazijaisha." Benki ikitaka kuzuia muamala inazuia yenyewe, haihitaji namba kutoka kwako. Namba inayotumwa kwako ni ya kuruhusu.

Kama benki yako hutumia kitufe cha "Kubali" ndani ya programu badala ya OTP, kanuni ni ileile: kama si wewe uliyeanzisha, bonyeza "Kataa". Kisha kata simu, badilisha nywila ya benki na ya barua pepe, toa vifaa vingine vyote vilivyoingia kwenye akaunti zako, na upige benki. OTP ikija bila wewe kuiomba, chukulia kwamba nywila au namba ya kadi yako tayari iko mikononi mwa mtu.

Dalili: anataka upakue programu, au ubonyeze namba zenye nyota na reli

Ombi la kupakua programu linaangukia katika makundi mawili. Kundi kubwa ni programu za kuona skrini kwa mbali, kama AnyDesk na TeamViewer. Hizi ni programu halali ambazo mafundi huzitumia kila siku, na ndiyo maana huenda simu yako isikuonye. Ukimpa ile namba ya kuunganisha inayoonekana ndani ya programu hiyo, anaona OTP zako zinapoingia, na kwenye baadhi ya simu anaweza kubonyeza kwa niaba yako. Kundi la pili ni faili linalotumwa kwa WhatsApp au kiungo, nje ya duka rasmi la programu, ambalo kazi yake ni kusoma ujumbe mfupi.

Namba zenye nyota ni mtego mwingine. Ukibonyeza \*\*21\* ikifuatiwa na namba ya simu na reli, simu zako zote zinaelekezwa kwenye namba hiyo. Benki ikipiga kuthibitisha, anapokea yeye. OTP ya kusomwa kwa sauti inamfikia yeye.

Ukaguzi wa kuelekezwa kwa simu huchukua dakika moja kwenye mitandao mingi:

- \*#21# huonyesha kama simu zote zimeelekezwa kwingine.
- \*#62# huonyesha zinakoenda simu yako ikiwa imezimwa au haina mtandao. Ukiona namba hapa usishtuke kabla hujauliza. Mara nyingi ni ya sanduku la sauti la kampuni yako ya simu.
- ##002# huondoa uelekezaji wote. Utaondoa na sanduku la sauti pia, ila hilo hurudishwa kirahisi.

Kama umeshapakua programu, mpangilio ni muhimu kuliko kasi. Anza kwa kukata intaneti: washa hali ya ndegeni, na uhakikishe Wi-Fi nayo imezimwa. Hapo ndipo unafuta programu. Kwenye Android nenda kwenye mipangilio, tazama programu zilizopewa ruhusa za ufikivu na zile zilizopewa usimamizi wa kifaa; usiyoitambua inyang'anye ruhusa kwanza, kwa sababu baadhi hazifutiki zikiwa bado na ruhusa hizo. Kisha tumia simu au kompyuta nyingine kubadilisha nywila.

Simama hapa: programu ikigoma kufutika, au ikirudi yenyewe baada ya kuwasha simu upya, usiendelee kubahatisha. Usifungue programu ya benki kwenye simu hiyo hata mara moja. Hifadhi picha na namba za watu, rudisha simu katika hali ya kiwandani, au mpelekee fundi unayemwamini. Benki ipigie kwa simu nyingine wakati huo huo, usisubiri fundi amalize.

Dalili: baada ya simu ile, mtandao umepotea ghafla

Inaweza kuwa hitilafu ya mtandao, na mara nyingi ni hivyo. Inaweza kuwa laini imelegea. Lakini kama leo au jana ulitoa tarehe ya kuzaliwa au namba ya kitambulisho, kuna sababu ya tatu: laini yako imehamishiwa kwenye kadi mpya ya simu (SIM) iliyo mikononi mwa tapeli, na OTP zote sasa zinakwenda kwake.

Zima simu uwashe. Muulize mtu wa karibu anayetumia kampuni ileile kama ana mtandao. Kisha piga namba yako mwenyewe kutoka simu nyingine. Ikiita upande wa pili ilhali simu yako mkononi iko kimya, jibu umelipata.

Hapo hakuna kingine cha kujaribu mwenyewe. Piga benki kwanza wafungie akaunti na huduma za simu, halafu kampuni ya simu wafunge laini, kwa mpangilio huo. Laini inaweza kungoja nusu saa, salio haliwezi.

Dalili: anasema akaunti yako inaibiwa, hamishia pesa kwenye "akaunti salama"

Sababu ni moja tu: ni wizi. Benki inayotaka kulinda pesa zako inaifungia akaunti pale pale ilipo, haikuombi uzihamishe. Mara nyingi atakuamuru usikate simu njia nzima mpaka tawini, na akufundishe uongo wa kumwambia karani, kwamba ni pesa ya ujenzi au ya kumlipia ndugu hospitali. Atakuambia wafanyakazi wa tawi wamo kwenye wizi. Ukiambiwa umdanganye mtu wa benki yako, kata simu na umweleze mtu huyo huyo kila kitu.

Dalili: umeambiwa umerudishiwa pesa zaidi ya ulizostahili

Tazama salio ndani ya programu ya benki au kwenye mashine, usitazame ujumbe mfupi. Mara nyingi utakuta hakuna kilichoingia. Ujumbe ni wa kufoji. Kama aliwahi kuona au kuendesha skrini yako, pesa zinaweza kuwa zimeingia kweli, ila zimetoka kwenye akaunti yako nyingine ya akiba: amehamisha za kwako kwako. Mara chache zaidi ni pesa iliyoibwa kwa mtu mwingine, na wewe unafanywa daraja la kuipitisha.

Kwa hali zote tatu, usirudishe kwa mkono wako. Iambie benki irudishe muamala kwa njia yake. Aliyekosea kweli ataridhika na hilo.

Dalili: makato madogo usiyoyatambua

Anza na lisilo na madhara: huduma uliyojiunga ukaisahau, au kampuni inayojulikana kwa jina moja na kukata kwa jina lingine. Tafuta jina hilo kwenye barua pepe zako. Inayofuata ni "majaribio ya bure" uliyoyakubali kwa simu, yaliyogeuka kuwa malipo ya kila mwezi. Ya tatu ni kadi inayopimwa: wezi hukata kiasi kidogo kuona kama inafanya kazi, kikubwa kinafuata.

Ikiwa hulitambui, funga kadi kwenye programu leo, uombe mpya, na upinge muamala kwa maandishi. Muda wa kupinga una kikomo. Kwa makato ya moja kwa moja ya euro chini ya SEPA, mfumo wa malipo ya euro barani Ulaya, mteja ana wiki 8 kudai makato aliyoyaruhusu, na miezi 13 kwa ambayo hakuyaruhusu kabisa. Uliza benki yako muda wake ni upi, na usome taarifa ya akaunti kila mwezi ili usipitwe.

Dalili: simu inaita mara moja na kukatika, au unapokea na kuna kimya

Mitambo ya kupiga simu hupiga namba nyingi kuliko wahudumu waliopo, na pia hupima namba zipi zina mtu. Simu ya kuita mara moja hulenga upige wewe, kwenye namba ya gharama kubwa. Usipige. Kupokea tu hakutoi pesa benki.

Umeshatoa taarifa: fanya nini sasa

Piga benki sasa hivi, kabla ya kumweleza yeyote nyumbani. Sema kwa ufupi: nimetapeliwa, nimetoa hiki na hiki, naomba mfunge. Taja kila ulichotoa, hata unachoona aibu kukitaja. Aliyeficha OTP hufungiwa kadi tu, na tapeli akaendelea kupitia mtandao.

Kama ni namba ya kadi: kadi ifungwe na itolewe mpya. Kama ni nywila au OTP: huduma za mtandao na simu zifungwe, vifaa vyote vitolewe. Kama ni namba ya akaunti peke yake: omba makato ya moja kwa moja yazuiwe, na uulize kama akaunti mpya inahitajika. Kama ni kitambulisho: ijulishe na kampuni ya simu, waweke kizuizi cha kubadilisha laini. Kama ulihamisha pesa: waombe wawasiliane mara moja na benki iliyopokea, kwani zikishatolewa huko au kupelekwa akaunti ya tatu, kuzirudisha ni kugumu mno.

Omba namba ya kumbukumbu ya malalamiko. Kisha toa taarifa polisi, ukiwa na namba iliyopiga, saa, picha za jumbe na taarifa ya akaunti. Usifute kitu kwa hasira.

Kama aliyetapeliwa ni mzazi au mtu mzima nyumbani, msaidie kupiga simu hizo kwanza, na lawama ziache. Mtu aliyefokewa mara ya kwanza huficha ya pili.

Na ya pili hutegemewa. Namba ya aliyekwisha kutapeliwa huuzwa, na wiki au miezi baadaye hupiga "wakili", "afisa wa upelelezi" au "kampuni ya kurejesha fedha". Atajua kiasi ulichopoteza na tarehe yake, kwa sababu amepewa na waliokuibia. Ataomba ada ya kuanzia, au namba ya akaunti ya kukuwekea. Kata, na uongeze namba hiyo kwenye malalamiko yako yaliyopo benki na polisi.